Ficheni Kuku

Kila asubuhi Mwalimu Reginald Komba alipoingia Kidato cha Nne, darasa zima lilisimama kwa mkupuo mmoja, likasema "Shikamoo mwalimu," likangoja marahaba yake, likakaa. Basi. Baada ya hapo ungeweza kusikia popo wakijigeuza kwenye kenchi. Akiuliza swali walijibu "Ndiyo mwalimu" au "Hapana mwalimu," wakamtazama kwa adabu isiyo na kosa hata moja. Hakuna aliyekohoa vibaya. Hakuna aliyechelewa. Mtu mwingine angeona amepata darasa la peponi.

Reginald alikuwa anaogopa. Angetukanwa angejua pa kushika. Lakini utamshtaki vipi mtoto kwa kosa la kukuamkia vizuri mno?

Shule yenyewe haikuzaliwa shule. Lilikuwa ghala la korosho la chama cha ushirika, hapo Masasi, upande wa barabara ya kwenda Newala. Serikali ilipofungua milango wafanyabiashara binafsi wakaja na malori yao na mizani zao, chama kikalegea, ghala likabaki na popo na harufu ya magunia. Wazazi wakachangishana, wakalikatakata kwa kuta za matofali, wakaita walimu. Fedha ziliisha kabla kuta hazijafika juu. Ndiyo maana mwalimu wa Kidato cha Kwanza akipiga chafya, Kidato cha Nne walisema afya, na Mkuu wa Shule, aliyekaa chumba cha mwisho, alisikia yote.

Na wanafunzi wake si wale wa kaptula. Wengi walikuwa vijana wenye ndevu zinazochipua, msimu wa korosho ukifika wanazunguka na wanunuzi hadi Lukuledi huko, wanarudi na jinzi za mtumba na sauti za wenye maduka. Mwaka uliotangulia waligoma kwa sababu ya maji na vyoo. Mawe yakanyesha kwenye bati. Mwalimu wa hesabu alipanda basi la Mtwara na plasta kwenye paji la uso, na hakurudi hata kuchukua godoro lake.

Ndiyo hadithi aliyopokelewa nayo Reginald. Mkuu wa Shule, Mwalimu Majaliwa, Mmakonde wa Newala mwenye shingo fupi na maneno mafupi zaidi, alimpa fimbo siku ya kwanza kama wenyeji wengine wanavyompa mgeni ufunguo wa nyumba. "Hawa si watoto," alimwambia. "Ukicheka nao leo, kesho watakukalia kichwani."

Reginald akaichukua ile fimbo. Tusimwonee, alikuwa mwoga, na mwoga akipewa fimbo haulizi maswali.

Basi siku moja alikuwa anafundisha historia, kwa Kiingereza cha kubabaisha ambacho darasa lilikipokea kwa subira, akafika kwenye sura ya Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara: walivyotoka kusini, walivyopita wakipiga nchi baada ya nchi. Akasahau Kiingereza kidogo akasema kwa Kiswahili, "Hata mimi ni Mngoni. Hao ni babu zangu."

Nyuma kabisa, dirishani, alikaa Muharami. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ndiye aliyeongoza mgomo wa mwaka jana, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa alama darasani. Vitu viwili ambavyo Mkuu wa Shule hakupenda kuviona katika shati moja. Muharami akainuka nusu, akatoa macho, akapiga ukelele:

"Ala! Magwangwara wamerudi! Shamila, kimbia nyumbani, ficheni kuku!"

Darasa likapasuka. Walicheka hadi wakapiga madawati, na kwa kuwa kuta zilikuwa fupi, Kidato cha Tatu nao wakacheka, na cha Pili. Kicheko kikatembea ghala zima. Wote walikuwa wanamtazama Reginald kwa nyuso zilizong'aa, wanangoja. Wanangoja nini, hakujua. Alichoona ni mawe juu ya bati na plasta kwenye paji la uso.

Akachukua fimbo. Akamwita Muharami mbele, akamwinamisha, akamchapa. Kicheko kilikufa chumba kwa chumba, na ghala zima likahesabu viboko kimya kimya. Kisha akaandika mashtaka kwa Mkuu wa Shule: kumtukana mwalimu kabila lake mbele ya wanafunzi. Muharami aliponyanyuka hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na mshangao, kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimia akapigwa kofi.

"Samahani, mwalimu," alisema, kwa adabu kubwa. Ile adabu ndiyo iliyoanzia pale.

Aliyemfungua macho ni Mwalimu Dorothy, Mmakua wa hapo hapo Masasi, mama wa watu wazima, aliyefundisha baiolojia na kufuma vitambaa.

"Hivi wewe Komba," alimwambia wakiwa wanakunywa chai, "baba yako hakukufundisha kitu? Yule mtoto ni Myao. Umemchapa mtani wako."

Reginald alizaliwa kambi ya polisi Tanga. Kingoni alijua cha kuombea maji. Alikumbuka baba yake na askari mmoja Myao wa Tunduru walivyotukanana kila jioni ukutani, mwizi wewe, mchawi wewe, na mama akicheka jikoni. Alidhani ni pombe. Utani alikuwa anausikia, lakini kwake ulikuwa mambo ya wazee na misiba, si mambo ya mwanafunzi na mwalimu.

"Babu zako waliwapiga hawa watu," Dorothy aliendelea, "wakachoma, wakachukua. Halafu wakakubaliana isiwe damu tena, iwe maneno. Mtoto alivyokutania alikuwa anakukaribisha. Anasema: huyu si mgeni, huyu wa kwetu. Na wewe ukamjibu kwa fimbo. Ujue umemkana."

"Basi nitafuta mashtaka."

"Jaribu," alisema Dorothy, akarudi kwenye kitambaa chake.

Alijaribu. Mkuu wa Shule alimsikiliza huku akisafisha miwani.

"Mashtaka yako yameshakwenda bodi. Jumamosi wanakaa. Kijana apige magoti mstarini, aombe radhi mbele ya shule nzima. Asipopiga, anafukuzwa. Na mtihani wa taifa ataufanyia huko huko kwa wanunuzi wake."

"Mkuu, nimeambiwa ulikuwa utani. Wewe ni mtu wa huku, wajua."

"Mimi najua kwamba nina shule." Akavaa miwani. "Nilimngoja yule kijana mwaka mzima akosee. Umeniletea wewe, kwa mkono wako na saini yako. Sasa unataka kuniambia ulikosea? Sema mbele ya bodi. Halafu Jumatatu ingia darasani, tuone nani atakusikia."

Reginald alitoka mle akiwa anajichukia. Mtihani ulikuwa umekaribia. Kijana mwenye akili kuliko wote shuleni alikuwa anakwenda kupoteza kila kitu, kwa sababu mwalimu wake aliogopa kicheko.

Alikwenda kwao Muharami, nyumba ya udongo yenye kibaraza kilichofagiliwa hadi kikaiva. Kijana alilelewa na bibi yake, Bibi Adija, ambaye mji mzima ulimjua kwa ulimi wake. Wanasema aliwahi kumtania mkuu wa wilaya hadi akasahau alichokuja kusema. Reginald alitegemea ulimi huo. Alikuwa tayari kuitwa mwizi hadi jioni.

Bibi alimwekea kiti. Kiti, si mkeka. Akamletea maji kwenye glasi ya wageni, juu ya sahani.

"Karibu sana, mwalimu. Za kazi?"

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuhusu Muharami. Nilikosea."

"Marahaba. Haidhuru, mwalimu. Mtoto akikosa achapwe." Kifua kilikuwa kinambana, kila neno lilipanda na mluzi wake. "Tunashukuru kwa kutufundishia."

Muharami alikuwa ndani; Reginald alimsikia akipumua nyuma ya pazia. Aliita jina lake. Pazia halikutikisika. Akanywa maji yale, na hajawahi kunywa kitu kichungu kama hicho, maana katika maneno yote ya yule bibi mwenye ulimi hapakuwa na tusi hata moja la kumpa.

Alipokuwa anaaga, bibi alimshika mkono kidogo.

"Viboko anavijua, mwalimu. Hakukasirikia viboko," alisema, na hapo sauti yake ikalainika. "Lakini kupiga magoti hapigi. Akipiga, atakuwa amekubali kwamba alikutukana."

Alhamisi, baada ya kipindi, Shamila alimfuata hadi mlangoni. Binti mdogo wa umbo, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote.

"Samahani, mwalimu. Wenzangu wamenituma. Muharami asipofanya mtihani, na sisi hatufanyi. Samahani sana."

"Mnajiharibia maisha, Shamila."

"Ndiyo, mwalimu."

Alipokwenda chooni aliyaona mawe. Hayakutupwatupwa, yalipangwa ukutani kwa utaratibu, makubwa chini, ya kutupika juu. Hata mawe yao sasa yalikuwa na adabu. Reginald alisimama pale, akafikiria basi la Mtwara, akafikiria godoro lake.

Ijumaa alfajiri Bibi Adija akafariki.

Habari ilipofika shuleni masomo yakafungwa, maana hapakuwa na mtu Masasi ambaye marehemu hakuwahi kumwamkia au kumtukana. Maziko yalipangwa baada ya swala ya Ijumaa. Walimu waliondoka pamoja, Mkuu wa Shule mbele na koti lake la misiba. Njiani Dorothy alijifunga khanga, akasogea karibu na Reginald.

"Watani wa marehemu wana kazi yao msibani," alisema chini chini. "Wajua?"

"Nimesikia."

"Umesikia. Wangoni hapa mjini hawajai kiganja, na wote wamekwenda Tunduru kwenye harusi. Leo jeneza litatoka bila mtu wa kulizuia, bibi wa watu, na utani wote ule." Akamtazama. "Lakini sikushauri. Uliukana mbele za watu. Ukijitokeza wakakukatalia, hutakuwa mtani, utakuwa mtu aliyemtukana maiti. Hapo hata mimi sitakusaidia."

Uwanja ulijaa. Wanawake ndani na kibarazani, wanaume chini ya turubai. Jeneza lilitolewa, shuka la kijani juu yake, na mti wa mbele kulia aliushika Muharami. Macho yalimvimba, lakini alitembea wima. Nyuma yake mjomba wake, Mzee Abuu, na vijana wa Kidato cha Nne wote, wamevaa kanzu na kofia, hata Wakristo wao wamefunga shuka. Maalimu wa msikiti alikuwa anahimiza, jua linakwenda.

Reginald aliona jeneza linaelekea penye upenyo wa ua. Aliwaza Jumamosi. Aliwaza lile pazia lisilotikisika. Kama angeendelea kuwaza angebaki pale pale. Akapenya, akafika kwenye upenyo, akajilaza chali ardhini, kwa suruali yake ya kupiga pasi, katikati ya njia.

"Hatoki mtu!" alipiga kelele. Sauti ilimtoka nyembamba, ikampasukia. "Huyu bibi ana kuku wa babu yangu! Haondoki na kuku wetu tumboni!"

Kilio kibarazani kilikatika. Jeneza likasimama juu yake, akaona miguu ya wabebaji, na vumbi, na mbingu. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa darasani kwake alisema, wazi kabisa, "Huyu ana wazimu," na mwingine akainama na kuokota jiwe.

"Nani huyo?" aliuliza Mzee Abuu. "Si ndiye aliyempiga mtoto?"

"Ndiye," watu waliitikia, na duara likaanza kukaza. Mkuu wa Shule alisikika akisema, "Komba, inuka, unatuaibisha." Maalimu alisema astaghfirullah. Na wote, kwa pamoja, wakamtazama Muharami, maana marehemu alikuwa wake, na mtani hukubaliwa na mfiwa.

Muharami alimtazama chini. Uso wake haukuwa na kitu.

"Tafadhali, mwalimu," alisema. "Tupishe."

Tafadhali. Reginald aliisikia ikimwingia kama maji ya ile glasi. Angeweza kuinuka hapo. Angeomba radhi, wangempisha, angeondoka na basi la jioni.

"Mwalimu gani?" akasema. Alikuwa analia sasa, na hakujificha. "Mwalimu nimemwacha shuleni na fimbo yake. Mimi Gwangwara. Nataka kuku wangu, na nikikosa kuku nalala hapa hapa na bibi yenu, nimuoe huko huko aendako, maana alikuwa mzuri kuliko ninyi wote!"

Kibarazani, katikati ya wanawake, mtu alicheka. Kicheko kifupi, kikazibwa kwa khanga. Muharami alifumba macho. Hakuna aliyejua kama inakuja hasira au nini. Alipoyafumbua aliinua uso, akazungumza na watu, si na Reginald.

"Mnamwona?" alisema. "Mnamwona huyu? Aliposhiba kuku zetu alisema hatujui. Leo ana njaa, ndugu anatukumbuka!"

Uwanja ukalipuka. Wanawake walipiga vigelegele na kulia kwa pamoja, wazee wakashika magoti kwa kucheka, na lile jiwe likadondoka lilikotoka. "Faini! Faini!" walipiga kelele. Shamila alikuja mbio akiwa ameshika jogoo wa marehemu kwa miguu, akambwagia Reginald kifuani, manyoya yakaruka.

"Inuka, mwizi," alisema Muharami, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Shika mti huu ubebe. Na kaburini utaingia wewe kwanza, tulipime."

Reginald akainuka na vumbi lake, jogoo akampa Dorothy, akaingiza bega chini ya mti wa mbele kushoto. Hapo Mzee Abuu akamgeukia Mkuu wa Shule, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Mkuu, kumbe hawa ni watani. Sasa ile kesi ya kesho mlikuwa mnaambizana nini?"

Watu wote walingoja. Mkuu wa Shule alitazama huku, akatazama kule, akafungua kifungo cha koti.

"Sikujua," alisema. "Sikujua kama ni watani."

Mmakonde wa Newala, hakujua kama Myao na Mngoni ni watani! Walicheka hadi Maalimu mwenyewe akageuka pembeni. Kwa kicheko kile bodi ilikuwa imeshakaa na imeshakwisha, na Mkuu wa Shule alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Njia ya makaburini ilikuwa na mchanga. Bega kwa bega chini ya jeneza, Muharami alisema polepole, bila kumtazama:

"Ulinichapa."

"Nilikuchapa. Niliogopa."

"Ulituogopa sisi?"

"Sana."

Muharami alitembea kidogo. "Bibi alisema hivyo," alisema. "Alisema, yule ni mwoga tu, atakuja. Nikamwambia haji." Hapo sauti ikamkatika kabisa, na Reginald akausogelea mti zaidi ili uzito umshukie yeye.

Jumatatu Reginald aliingia darasani mikono mitupu. Fimbo aliirudisha mezani kwa Mkuu wa Shule, ambaye aliipokea bila neno na kwa jicho ambalo halikuahidi mkataba mwingine. Haya, hilo lingekuja kwa wakati wake.

Darasa lilisimama kwa mkupuo mmoja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Walikaa. Kimya. Popo walijigeuza kwenye kenchi. Reginald alitazama nyuma, dirishani. Muharami alikuwepo, kitambaa cheusi mkononi, ameinamia kitabu. Moyo wa Reginald ulishuka. Akadhani mambo ya msibani yameishia msibani. Akachukua chaki, akawageuzia mgongo, akaanza kuandika tarehe.

"Shamila," sauti ilitoka nyuma, nzito, yenye makamasi ya kilio cha siku tatu. "Jogoo alishaliwa. Wakimbilie nyumbani, waambie wafiche na mitetea."

Kicheko kilipanda juu ya kuta fupi, kikashika Kidato cha Tatu, kikashika cha Pili, kikaenda mpaka chumba cha mwisho, na huko hakuna aliyegonga ukuta. Reginald aliegemeza paji la uso ubaoni mpaka macho yalipomkauka. Kisha akageuka.

"Mitetea hawana nyama," alisema. "Safari hii tunataka mbuzi. Fungueni kitabu, sura ya Wangoni, pale tulipoishia."

Akawauliza kwa nini watu wale walitoka kusini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya viboko mikono ikanyanyuka.